Siku Mikono Yangu Ilipopoa

Tuliachana wiki iliyopita kichwa kimenivimba, naona mlango wa kwangu umekuwa mwembamba. Leo utaniona nikipita hata kwenye tundu la sindano.

Kwa wewe uliyepitwa: mimi ni mpiga pasi, na kazini wananiita Mvuke. Duka letu la udobi liko chini ya jengo la ghorofa moja. Juu yetu kuna chumba ambamo mama mmoja mpole, tunayemwita Mwalimu, anafundisha Reiki, yaani tiba ya nishati. Unamwekea mtu viganja juu ya nguo zake, taratibu, bila kukanda wala kubonyeza, na mwili wake unatulia. Mimi nilipanda ngazi zile kutafuta nafuu ya mgongo wangu. Nikashuka najiona tabibu.

Ilianza siku ya mazoezi ya kwanza. Nilimwekea mikono mwanafunzi mwenzangu, mlinzi wa benki, jitu la miraba minne. Akafumbua jicho moja.

"Mvuke! Una moto humo!"

Darasa zima likaja kugusa. Mlinzi, ambaye ndiyo kwanza naye alikuwa na masomo mawili kichwani, akawaeleza kwamba kiganja changu cha kulia ni cha moto kuliko cha kushoto, kwa sababu kulia kunatoa na kushoto kunapokea. Mwalimu alitabasamu tu, akasema, "Tutaona."

Mimi, msomaji wangu, nilikuwa nimeshaona.

Nyumbani kwangu ni nyuma ya jengo hilo hilo. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na bega lake lilikuwa limemsumbua hadi kujichana hawezi. Basi kila mchana nikawa natoka kwenye pasi, naingia mbio, namwekea mikono, narudi kazini. Bega likalegea. Akajichana. Mwanamke ambaye tangu nimuoe binti yake alikuwa ananiita "huyu" ("Huyu keshakula?" "Huyu anarudi saa ngapi?") akaanza kuniita "mwanangu". Akaniachia hadi kiti chake chenye mito.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikia yaliyonikuta Jumamosi.

Ilikuwa siku ya kuhitimisha hatua ya kwanza ya Reiki. Nilipiga pasi mashati ya watu hadi dakika ya mwisho, kisha nikapanda ngazi moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa pasi, maana nilishagundua kwamba saa hizo ndipo mikono yangu huwa na nguvu zaidi. Usinicheke bado.

Nikafungua mlango. Katikati ya chumba kulikuwa na beseni la maji.

"Leo tunaanza kwa kunawa," Mwalimu akasema. "Kila mtu, hadi viwikoni."

Nikaificha mikono mgongoni.

Sisi wapiga pasi tuna mwiko wetu. Mkono uliotoka kwenye pasi haugusi maji ya baridi hadi upoe wenyewe. Ukikaidi, mishipa inakakamaa. Mzee aliyenifundisha kazi vidole vyake vilikuwa vimepinda kama ndoano, na kila alipotuonyesha alituambia, "Maji haya, vijana. Maji." Sijawahi kumuuliza daktari kama ni kweli. Vile vidole vilinitosha.

"Mwalimu, mimi nitajipangusa kwa kitambaa kama siku zote."

"Kumbe siku zote unajipangusa?"

"Ndiyo. Kikavu."

"Mwache, Mwalimu," mlinzi akadakia. "Huyu akitia mkono, maji yatachemka."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Nawa, baba."

Nikanawa huku nimekunja uso, nasubiri mishipa ikakamae. Haikukakamaa. Yaliyonipata yalikuwa mabaya zaidi ya hayo.

Mlinzi akajilaza kitandani, kafumba macho, katandaza tabasamu, anasubiri moto wake. Nikamwekea mikono kifuani. Tabasamu likaanza kusinyaa upande mmoja.

"Unasikia nini?" Mwalimu akamuuliza.

Mlinzi akafumbua jicho moja, akalifumba.

"Sema tu. Hapa hatudanganyani."

"Nasikia samaki."

"Samaki?"

"Samaki, Mwalimu. Aliyetoka kwenye friji."

Nikasugua viganja. Nikavipulizia. Nikafumba macho na kuyapitia maneno yote tuliyofundishwa kuyasema kila asubuhi: leo tu, sikasiriki, leo tu, sina wasiwasi, leo tu, nafanya kazi yangu kwa uaminifu. Nilikuwa na hasira na wasiwasi vyote viwili, na huo uaminifu ulikuwa njiani unakuja.

Mwalimu akanishika viganja, akavigeuza. "Kabla ya kuja hapa ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Unafanya nini?"

"Napiga..." Nikaitazama mikono yangu.

Mlinzi akaketi kwa kishindo, kitanda kikalia. "Pasi! Jamani, pasi! Mkono wa kulia ndio unaoshika pasi! Na mimi nimekwenda kumsimulia meneja wa benki!"

Sikuwahi kujua kwamba chumba kile kina mwangwi. Walicheka hadi bosi wangu chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Mwalimu alinivuta pembeni, dirishani. Huyu mama ana sauti ambayo hata akikutukana utamshukuru, na wala hakunitukana.

"Usifedheheke. Joto si kipimo. Kuna wanaosikia joto, kuna wanaosikia baridi, na wengine hawasikii kitu, wanasinzia tu. Kazi yako ni kutulia na kumpa mtu muda wako. Hilo unaliweza?"

"Naliweza."

"Basi hujaharibikiwa. Ilimradi hukumwahidi mtu kwamba atapona, wala hujamwachisha mtu dawa zake za hospitali. Hilo nililikataza tangu somo la pili."

"Somo la pili sikuwepo, Mwalimu. Siku ile kulikuwa na mashuka ya hoteli."

Akanitazama. "Kuna mtu umemwahidi?"

"Hapana," nikajibu upesi.

Kisha nikakumbuka. Nikajiona nimesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, mama mkwe kanyanyua bega lake juu kwa mara ya kwanza, nami namwambia kwa sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi: "Mama, bega ni mwanzo tu. Mwili mzima utapona."

Nikashuka zile ngazi bila kuaga.

Nilimkuta mama mkwe sebuleni, kwenye kile kiti. Aliponiona akajikongoja kunipisha.

"Kaa, mwanangu. Umechoka na kazi za watu."

Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha mikate, unga bado uko kwenye nyusi, anamimina chai. Nikakaa ukingoni mwa kiti, nikitafuta pa kuanzia. Mama mkwe akaniwahi.

"Nina habari njema," akasema. "Vidonge vya presha nimeachana navyo."

"Tangu lini?" mke wangu akauliza.

"Wiki nzima sasa. Mumeo si alisema mwili mzima utapona? Basi umepona."

Mke wangu akaweka birika mezani polepole. Akiweka kitu kwa kishindo, huyu mke wangu, usihofu, yatapita. Akiweka polepole, anza kutafuta viatu vyako.

"Ulimwambia aache dawa?"

"Sikusema aache."

"Ulisema nini?"

"Nilisema... mwili mzima."

"Mwili mzima." Akaifunga kanga yake vizuri. "Uliunguza suti ya bwana harusi asubuhi ya harusi yake, nikakutetea. Ukaleta nyumbani mzigo wa nguo usio wetu, nikacheka. Haya. Mama ninaye mmoja tu. Nakwenda dukani kuchukua maziwa. Nikirudi nikute amekunywa vidonge vyake. Nisipokuta hivyo, nikukute na begi."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Aliurudisha polepole.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, mikono yangu haina kitu."

"Wenye nacho ndivyo wanavyosema."

"Lile lilikuwa joto la pasi, mama. Leo nimenawa, nimekuwa baridi tupu. Nimechekwa na darasa zima."

"Unaona? Tapeli angejisifu."

"Lakini wiki iliyopita si nilijisifu!"

"Binadamu huteleza, mwanangu."

Msomaji, umewahi kukiri kosa ukanyimwa? Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba, nikatia mikono yote miwili hadi viwikoni. Mwiko nilishauvunja mara moja, na la kuvunda halina ubani. Nikarudi natiririsha maji sakafuni, nikamwekea bega lake pale pale.

"Uwiii!" Akaruka kama msichana.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Leo nguvu zimekuja kwa ubaridi. Hizi ndizo za homa."

Hapo maji yakazidi unga. Nikakaa chini kwenye mkeka, miguuni pake, mpiga pasi mzima na ndevu zangu.

"Mama, naogopa," nikamwambia. "Nilisema yale kwa sababu nilipenda kuitwa mwanangu. Basi. Sijui lolote kuhusu presha. Kesho ukianguka, mimi ndiye nitakuwa nimekuangusha, na binti yako hatanisamehe, wala mimi sitajisamehe. Kunywa dawa zako. Uniite 'huyu' mpaka nizeeke, nitaitika."

Alinitazama, halafu akaanza kutikisika. Nikadhani ndiyo presha yenyewe. Kumbe anacheka.

"Kwani wewe," akasema huku anajifuta macho, "unadhani mimi sijui joto la pasi?"

"Mama?"

"Nimelea watoto saba kwa pasi ya mkaa. Sare za shule, mashati ya baba yao, hadi soksi. Mkono wa kulia unakuja wa moto, wa kushoto vuguvugu, na yote miwili inanukia wanga wa kola. Nishati gani hiyo inayonukia wanga? Halafu Jumapili hukwenda kazini, ukanipa mkono asubuhi tukasalimiana. Baridi!"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bega je?"

"Bega lilipenda joto. Hata chupa ya maji moto ingelilegeza." Akatazama dirishani. "Ila chupa haikai na mtu ikamuuliza amelalaje. Wewe kwa miaka yote uliyokaa na mwanangu hukuwahi kuniuliza. Ulipoanza uganga wako ukawa unaniuliza kila siku."

Nikainamisha kichwa. Aibu niliyoipata juu kwa Mwalimu ilikuwa cha mtoto.

Ndipo nikazinduka. Kama alijua, basi kuna jambo halikai sawa.

"Mama, kama ulijua mikono yangu haina dawa, kwa nini uliacha vidonge?"

"Sikuviacha. Viliisha."

"Si ungesema tununue?"

"Sipewi hivi hivi. Mpaka nipite kliniki, wanipime kwanza." Akautazama mlango. "Na kliniki siendi."

"Kwa nini?"

Alianza kuikunja ncha ya kanga yake, anaikunja na kuikunjua. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mara ya mwisho walinipiga picha ya moyo. Daktari mwenyewe kijana mcheshi, ananitania, ananiambia mama wewe bado mrembo, nikuletee posa. Picha ikaja. Akaitazama. Utani ukamwisha hapo hapo. Akaniuliza, mama, una watoto? Nikamwambia ninao. Akasema, basi ukirudi, njoo na mmoja wao."

"Alisema nini tena?"

"Sikumsubiri. Nilichukua mkoba wangu nikatoka."

Nje, mtu alipita anapiga mluzi.

"Nikawa nawaza nitamwambiaje mwanangu," akaendelea. "Anaamka alfajiri, anarudi na unga hadi masikioni, halafu nimpe na hili? Mara ukaingia wewe na mikono yako. Nikasema, hewaa. Mtu aliyepona nani atamuuliza habari za kliniki?"

Kumbe tangu nitoke kwa Mwalimu nilidhani mimi ndiye niliyemlaghai mama mkwe. Mimi nilikuwa pazia tu, na yeye ndiye aliyekuwa akilivuta. Ile methali ya mficha maradhi ikanijia hadi kwenye ulimi nikaimeza, kwa sababu mwisho wake sikutaka kuusikia mle ndani.

Nikainuka. Nikarudisha mkono wangu begani pake, huo huo wa baridi, bado una maji. Safari hii hakuruka. Sikuahidi kitu, wala sikutafuta moto. Nilitulia tu na kumpa muda wangu, kama Mwalimu alivyosema. Na chini ya kiganja changu nikasikia kitu, kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo yale. Bega lilikuwa linatetemeka. Mama mkwe wangu, simba wa nyumba ile, alikuwa anaogopa.

"Nitakupeleka mimi," nikamwambia. "Jumatatu asubuhi. Mashati ya watu yatasubiri."

"Daktari alisema mtoto wangu."

"Si umeniita mwanangu wiki nzima?"

"Nilikuwa nakutania."

"Basi mimi sikutanii."

Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Sawa. Tutakwenda. Lakini mwenzio asijue lolote hadi tumsikie daktari. Niahidi."

Nimetoka kukatazwa kuahidi, na hapo hapo naombwa ahadi. Nikimkubalia, nitakuwa namdanganya mke wangu kwa jambo la mama yake mzazi. Nikimkatalia, kizee huyu mkaidi hatatoka nyumbani Jumatatu, na bila kutoka hakuna kupimwa, wala vidonge. Nikafungua mdomo, sijui hata nilitaka kusema nini.

Mlango ukafunguka.

Mke wangu alisimama kizingitini na maziwa yake. Akaniona nimemwekea mama yake mkono begani, vile vile kama siku zote.

"Bado unaendelea na hayo mambo?" akasema kwa sauti ya chini. "Nimeuliza jambo moja tu. Dawa amekunywa?"

Mkono wa mama mkwe ukaubana wangu. Ulikuwa wa moto kuliko mkono wangu wowote niliowahi kuutoa kwenye pasi.

"Nimekunywa," mama mkwe akasema, laini kabisa. "Sasa hivi. Muulize mumeo, alikuwa hapa hapa."

Mke wangu hakumtazama mama yake. Aliweka maziwa mezani polepole, akanitazama mimi.

"Umemwona anakunywa?"